Kombe Lililotangulia Mchezo

Kanada 15, Uswidi 1. Kanada 18, Japani 0. Kanada 17, Ujerumani Magharibi 0. Katika kundi la pili, Marekani 16, Uswisi 3. Kisha Marekani 17, Norwei 0. Haya si matokeo ya timu ya taifa iliyoalikwa kuchangamsha timu za mitaani. Ni matokeo ya hatua ya makundi ya mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia wa hoki ya barafuni kwa wanawake, yaliyochezwa Ottawa, mji mkuu wa Kanada, kuanzia tarehe 19 hadi 25 Machi 1990. Shabiki wa kandanda akionyeshwa karatasi hii atatikisa kichwa na kusema waandaaji walikurupuka. Utaitaje ubingwa wa dunia shindano ambalo nusu ya washiriki wamekuja kuhesabu mabao waliyofungwa? Swali hilo ni halali, na limerudi mara kwa mara tangu siku zile, wakati mwingine kutoka kwa wakubwa wa michezo wenyewe. Lakini mimi naona limesimama kichwa chini, miguu juu. Muulizaji anadhani mchezo hukua kwanza, ukakomaa, ndipo ukavikwa taji la ubingwa wa dunia kama mtu anayetunukiwa shahada baada ya masomo. Kwa wanawake wa hoki ya barafuni mambo yalikwenda kinyume. Taji lilikuja mchezo ukiwa bado mche, na taji hilo ndilo lililoumwagilia maji.

Kabla ya kwenda mbali, ni vizuri kuelewa kwa nini mabao huwa mengi hivyo. Hoki ya barafuni ni ndugu wa mpira wa magongo tunaoufahamu, ule ulioifikisha Kenya nafasi ya nne katika Kombe la Dunia la kwanza la wanaume, Barcelona 1971. Badala ya nyasi pana barafu, badala ya raba wachezaji huvaa viatu vyenye makali ya chuma, na badala ya mpira wa duara wanagombea kisahani cha mpira mgumu chenye uzito wa gramu 170 hivi. Mchezo una vipindi vitatu vya dakika 20. Kila timu ina watu sita uwanjani, kipa akiwamo, lakini benchi lina watu wengine zaidi ya kumi, na wachezaji hubadilishana bila mchezo kusimama, kwa sababu hakuna mapafu yanayohimili kasi ile kwa zaidi ya dakika moja hivi kwa mkupuo. Hapo ndipo penye siri ya 18 kwa bila. Katika kandanda, timu dhaifu yenye wachezaji watano wazuri inaweza kujifungia nyuma dakika 90 na kuondoka na aibu ndogo. Katika hoki, wale watano wazuri lazima wakapumzike, na kila wanapokaa benchi wanaingia wenzao waliojifunza kuteleza juzijuzi. Nchi haihitaji nyota watano tu. Inahitaji watu ishirini waliolelewa juu ya barafu tangu utotoni, na barafu hiyo inahitaji ukumbi, mashine, umeme, na saa za mazoezi ambazo kwa kawaida walizimiliki wavulana. Kwa hiyo mabao yale yalikuwa yanapima kitu cha kweli, ila hakikuwa kipaji cha wasichana wa Japani au wa Ujerumani. Yalikuwa yanapima idadi ya saa ambazo nchi zao zilikuwa zimekubali kuwapa.

Wanawake hawakuanza kucheza mwaka 1990. Ipo picha maarufu ya miaka ya 1890 hivi inayomwonyesha Isobel Stanley, aliyevaa gauni refu jeupe, akicheza na wenzake juu ya barafu ya Rideau Hall, makazi ya gavana mkuu mjini Ottawa. Gavana mkuu wakati huo alikuwa baba yake, Lord Stanley, yuleyule aliyetoa kombe ambalo wanaume wa ligi kuu ya Amerika Kaskazini wanaligombea hadi leo. Baba alitoa kombe kwa wanaume. Binti aliendelea kucheza bila kombe. Miaka ya 1930 timu ya wanawake ya Preston Rivulettes, kutoka jimbo la Ontario, ilitawala mchezo huo Kanada kwa takriban miaka kumi kabla Vita vya Pili vya Dunia havijaivunja. Baada ya vita mambo yalirudi nyuma kabisa. Katikati ya miaka ya 1950, mtoto mmoja wa kike wa Toronto, Abby Hoffman, alikata nywele, akajiandikisha kwa jina la Ab, akacheza msimu katika ligi ya wavulana na kuchaguliwa miongoni mwa bora, mpaka cheti cha kuzaliwa kilipokaguliwa. Wazazi wake walikwenda mahakamani na wakashindwa. Mtoto huyo alikuja kukimbia mita 800 katika Olimpiki nne, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba Kanada ilimpoteza mtu asiye na miguu. Nayataja haya kwa sababu yanajibu dhana ya kwamba mchezo ukiachwa peke yake hukua wenyewe. Uliachwa peke yake miaka mia moja. Wanaume walipata ubingwa wao wa kwanza wa dunia Antwerp mwaka 1920. Wanawake, waliokuwa na historia ya kucheza inayokaribia kulingana na ya wanaume kwa umri, walisubiri miaka 70 zaidi.

Hata ule wa 1990 haukushushwa na shirikisho kutoka juu. Ulisukumwa kutoka chini. Mwaka 1987 viongozi wa hoki ya wanawake wa Ontario, wakiongozwa na Fran Rider, waliandaa mashindano ya dunia yao wenyewe katika eneo la Toronto bila idhini ya Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafuni. Timu zilikuwa saba: Kanada, Marekani, Uswidi, Uswisi, Uholanzi, Japani, na jimbo la Ontario lenyewe, ambalo liliingia kama timu huru na kufika fainali, ambako lilifungwa na Kanada 4–0. Kombe lilipewa jina la Hazel McCallion, meya wa Mississauga, mama aliyekuwa mchezaji wa hoki katika ujana wake. Mtu mkali atacheka: mashindano gani ya dunia ambayo fainali yake ni kati ya nchi na mkoa wake? Lakini wajumbe wa nchi zile walikaa pamoja wakakubaliana kulibana shirikisho, na shirikisho likabanika. Mwaka 1989 kukafanyika ubingwa wa Ulaya huko Ujerumani Magharibi, Ufini ikautwaa, na timu tano za juu zikapata tiketi ya Ottawa kuungana na Kanada, Marekani na Japani.

Wapenzi wa kandanda wataitambua njia hii, maana ni ileile waliyopitishwa wanawake wa mpira wa miguu. FIFA iliandaa kwanza mashindano ya majaribio Guangdong, China, mwaka 1988, ndipo 1991 ikakubali mashindano kamili katika nchi hiyohiyo. Hata hapo ililishika jina la Kombe la Dunia mkononi kama mzee anayebania funguo za ghala: mashindano yalipewa jina refu lililobeba chapa ya peremende za mdhamini, na mechi zikachezwa kwa dakika 80. Utadhani dakika kumi za mwisho zingewavunja mifupa. Nigeria ilikuwapo China mwaka ule, ikiiwakilisha Afrika, ikapoteza mechi zote tatu bila kufunga hata bao moja. Timu hiyo imecheza kila Kombe la Dunia la wanawake lililofuata. Sijui ni kamati gani yenye busara ingeyatazama matokeo ya 1991 ikaamua kwamba Nigeria isirudi mpaka iive.

Turudi Ottawa. Timu ya Kanada iliingia uwanjani imevaa waridi na nyeupe badala ya nyekundu ya taifa, uamuzi wa viongozi waliotaka kuvuta macho ya watu kwa namna yoyote. Ndani ya jezi hizo alikuwamo Angela James, dada mweusi aliyelelewa na mama peke yake katika mtaa wa nyumba za serikali wa Flemingdon Park, Toronto, ambaye alifunga mabao 11 katika mechi tano. Upande wa Marekani Cindy Curley alimaliza na pointi 23 kwa jumla ya mabao na pasi za mabao, na pembeni yake alikuwapo Cammi Granato, mwanafunzi wa chuo aliyekuja kuwa nahodha wa Marekani. Vikumbo viliruhusiwa kama kwa wanaume, na vilipigwa. Kisha, katikati ya mabao ya kumi na kitu, ikatokea mechi ambayo wanaoyabeza mashindano yale huisahau: nusu fainali Kanada waliponea chupuchupu kwa Ufini, 6–5. Ufini hiyohiyo ilikuwa imepoteza kwa Marekani kwa bao moja tu, 5–4, na ikachukua medali ya shaba kwa kuifunga Uswidi 6–3. Fainali ya tarehe 25 ilitazamwa na watu 8,784 ukumbini Civic Centre, huku kituo cha michezo cha TSN kikiirusha kwa nchi nzima. Marekani walitangulia kwa mabao mawili. Kanada wakasawazisha, kisha beki Geraldine Heaney akapenya, akatumbukiza kisahani huku akigongwa na kupaa hewani, bao ambalo watangazaji wa Kanada wamelirudia miaka yote hii. Mwisho 5–2. Kwa wiki nzima Kanada ilikuwa imefunga mabao 61 na kufungwa 8, na ni vyema kukumbuka kwamba matano kati ya hayo manane yalitoka kwa Ufini.

Sasa tupime kilichofuata, kwa sababu hoja yangu inasimama au inaanguka hapo. Miaka miwili baadaye, 1992, mashindano ya pili yalichezwa Tampere, Ufini, na mwaka huohuo Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikaamua kuuingiza mchezo huu katika Olimpiki ya majira ya baridi. Ukachezwa kwa mara ya kwanza Nagano, Japani, mwaka 1998, Marekani wakaifunga Kanada 3–1 kwenye fainali. Kamati ile haiwezi kuupokea mchezo usio na ubingwa wa dunia, kwa hiyo hapa mnyororo ni wa moja kwa moja: bila Ottawa hakuna Nagano. Na Olimpiki ikishatajwa, hazina za serikali hufunguka. Tazama China. Mwaka 1990 haikuwapo Ottawa kabisa. Mwaka 1992 ilikuja Tampere, 1994 ikamaliza ya nne duniani, 1997 ya nne tena, na Nagano ya nne, mbele ya Uswidi iliyokuwa na barafu na viwanja tangu zamani. Nchi ambayo haikuwa na timu ya kupeleka Ottawa iliingia nne bora ndani ya miaka minne, na sababu yake haifichiki: kulikuwa na medali ya kuwindwa. Kanada kwenyewe, wasichana na wanawake waliosajiliwa msimu wa 1990 walikuwa elfu nane na kitu. Miaka 20 baadaye walikuwa zaidi ya 80,000. Idadi ya Wakanada haikuongezeka mara kumi katika kipindi hicho, wala majira ya baridi hayakurefuka.

Mpinzani makini atanikatiza hapa. Atasema: kufuatana si kusababishana, jogoo huwika kabla ya kupambazuka, lakini si yeye aletaye jua. Kanada miaka ya 1980 ilikuwa ikibadilika kisheria. Justine Blainey, msichana wa Toronto aliyekatazwa kuchezea timu ya wavulana aliyokuwa amefaulu kuingia, alikwenda mahakamani hadi Mahakama ya Rufaa ya Ontario, ambayo mwaka 1986 ilikifuta kifungu cha sheria kilichoruhusu ubaguzi huo michezoni. Marekani ilikuwa na sheria ya mwaka 1972 iliyovilazimisha vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuwapa wanawake nafasi sawa, michezo ikiwamo. Je, si sheria hizi ndizo zilizowaleta wasichana barafuni, Ottawa ikaja tu kupiga tarumbeta? Ninakubali nusu ya hoja hii. Sheria zilifungua mlango, na timu ya Marekani ya 1990 isingekuwapo bila vyuo. Lakini sheria ya Ontario haikuwa na nguvu Helsinki wala Harbin, China. Zaidi ya hapo, kesi ya Blainey inaonyesha ugumu ambao sheria peke yake isingeutatua: chama cha hoki ya wanawake cha Ontario chenyewe kiliipinga, kikihofia kwamba wasichana bora wakiruhusiwa kuhamia kwa wavulana, timu za wasichana zitabaki maganda. Hofu hiyo ilikuwa na msingi katika dunia ambamo kilele cha mchezo kiko kwa wavulana tu. Mchezaji bora ataondoka daima kuelekea kilele. Dawa yake haikuwa kumfungia mlango, bali kumjengea kilele kingine upande wa pili, na hicho ndicho kilichojengwa Ottawa.

Pingamizi la pili ndilo lile tuliloanza nalo, la mabao. Hili lilitiwa uzito zaidi na matukio ya baadaye. Mwezi Septemba 2008, katika mchujo wa kuwania Olimpiki, Slovakia iliifunga Bulgaria 82–0. Bao moja na ushei kila dakika. Nadhani hata mwamuzi mikono ilimchoka. Slovakia hiyohiyo ilipofika Vancouver mwaka 2010 ilifungwa na Kanada 18–0, na Jacques Rogge, aliyekuwa rais wa Kamati ya Olimpiki, akaonya hadharani kwamba mchezo hauwezi kuendelea hivyo bila nchi nyingine kupanda kiwango. Onyo la mkubwa kama huyo halikuwa la kupuuzwa. Softiboli, mchezo wa wanawake, ilikuwa imeshatolewa kwenye Olimpiki. Lakini nani aliwahi kuwaonya wanaume? Katika Olimpiki ya Chamonix mwaka 1924, Kanada iliifunga Chekoslovakia 30–0, Uswidi 22–0, na Uswisi 33–0. Mwaka 1949, karibu miaka 30 baada ya ubingwa wa kwanza wa wanaume, Kanada iliifunga Denmaki 47–0 katika ubingwa wa dunia uliochezwa Stockholm. Hakuna aliyependekeza hoki ya wanaume ifutwe kwa kuwa Wadenmaki hawajaiva. Waliachwa wafungwe, wakafungwa vizazi viwili, na mwezi Mei 2025, huko Herning nyumbani kwao, Denmaki iliitoa Kanada robo fainali ya ubingwa wa dunia kwa mabao 2–1. Ilichukua miaka 76. Wanawake walionywa baada ya miaka 20.

Hata hivyo sitaki kuupaka mchezo huu rangi isiyo yake. Hadi ubingwa wa 2025, mashindano ya dunia ya wanawake yalikuwa yamechezwa mara 24, Kanada ikishinda 13 na Marekani 11. Hesabu ikifungwa hapo, hakuna iliyobaki kwa mtu mwingine. Nyufa zipo, ndiyo. Kwenye Olimpiki ya Torino mwaka 2006 Uswidi iliitoa Marekani nusu fainali kwa mikwaju ya penalti. Uswisi ilipata shaba ya Olimpiki mwaka 2014. Ucheki ilichukua shaba mbili mfululizo za ubingwa wa dunia, 2022 na 2023. Na mwaka 2019 Ufini ilifika fainali nyumbani kwake Espoo, ikafunga bao katika muda wa nyongeza, wachezaji wakaanza kusherehekea, bao likakataliwa baada ya kutazamwa kwenye video, na Marekani wakashinda kwa penalti. Hizi ni dalili za kukua, si za usawa. Na mfano wangu mwenyewe wa China una makali pande mbili, kwa sababu timu hiyo baada ya miaka ya 1990 iliporomoka. Serikali ilikuwa imelea kikosi kimoja bila kulea watoto wa kukirithi. Kwa hiyo ubingwa hauwezi kila kitu. Unaweza kuifanya nchi ianze, hauwezi kuifanya iendelee. Ufini iliendelea kwa sababu vilabu vyake vilikuwa na wasichana wa miaka minane. China ilikwama kwa sababu ilikuwa na wachezaji 20 wa kwenda Olimpiki tu. Tofauti hiyo haikuonekana kwenye karatasi ya matokeo ya 1994, na hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaopima kila kitu kwa mabao: hata mabao mazuri yanaweza kudanganya.

Lipo pia pingamizi la waridi, na lile la vikumbo. Kuhusu waridi sina utetezi mkubwa. Ilikuwa ni biashara, na ni vigumu kufikiria wanaume wa Kanada wakiambiwa wavae rangi ya mapambo ili mashabiki wapate hamu ya kuja. Rangi hiyo haikudumu katika timu ya taifa, na hakuna aliyeililia. Suala la vikumbo ni zito zaidi, kwani baada ya Ottawa shirikisho liliviondoa katika mchezo wa wanawake, sababu mojawapo ikiwa ni tofauti ya maumbo na uzoefu kati ya timu za Amerika Kaskazini na nyingine. Wapo wanaoliona hilo kama ushahidi kwamba ubingwa uliletwa kabla ya wakati, mpaka ikabidi mchezo upunguzwe ili uwatoshe wachezaji. Naona uamuzi ule ulikuwa na gharama, kwa maana uliwapa wenye kejeli neno la kusema kila siku, kwamba hii si hoki halisi. Lakini pia uliusukuma mchezo kwenye pasi, kasi na akili ya kusoma nafasi, na leo suala lenyewe limefunguliwa upya na wachezaji wenyewe: ligi kuu ya wanawake ya Uswidi iliruhusu vikumbo kuanzia mwaka 2022. Kanuni zinaweza kurekebishwa namna hiyo mara nyingi, mradi mchezo upo.

Kuna faida moja ya Ottawa ambayo nadhani hata walioipigania hawakuiona. Mwezi Machi 2017 wachezaji wa timu ya taifa ya Marekani walitangaza kwamba hawatacheza ubingwa wa dunia uliokuwa unaandaliwa nchini mwao, Plymouth, Michigan, mpaka shirikisho lao liboreshe malipo na huduma. Walikuwa wakilipwa posho ya dola 1,000 kwa mwezi, kwa miezi sita tu ya kuelekea Olimpiki, yaani mara moja kila miaka minne. Shirikisho likatafuta wachezaji mbadala, wanafunzi wa vyuo na hata wa sekondari, na wengi wakakataa kuwa wavunja mgomo. Siku tatu kabla ya kipenga cha kwanza makubaliano yakasainiwa, wachezaji wakaingia uwanjani, wakatwaa ubingwa kwa kuifunga Kanada 3–2 katika muda wa nyongeza. Mfanyakazi hawezi kugomea kazi ambayo haipo. Abby Hoffman mwaka 1956 hakuwa na cha kususia. Wenzake wa 2017 walikuwa na wiki nzima ya ratiba ya dunia, yenye tiketi zilizouzwa na kamera zilizofungwa, ambayo bila wao ingekuwa hasara na fedheha.

Atabaki mtu wa kusema kwamba yote haya ni mambo ya nchi zenye theluji na pesa. Ni kweli barafu ni ghali, na sitadai kwamba Dar es Salaam inahitaji uwanja wa barafu kabla ya kuwa na viwanja vya kutosha vya kawaida. Lakini Nairobi barafu ipo tangu mwaka 2005, ndani ya hoteli ya Panari kwenye barabara ya Mombasa, ndogo kuliko uwanja rasmi, na imezalisha wachezaji wa kutosha kwa Kenya kupokelewa katika Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafuni mwaka 2024. Ikifika siku Kenya ikapeleka timu ya wanawake kwenye daraja la chini kabisa la ubingwa wa dunia, ni dhahiri itafungwa mabao mengi. Kinachotakiwa kuulizwa siku hiyo ni nani amewasajili wasichana wa miaka minane.

Angela James aliachwa nje ya kikosi cha Kanada kilichokwenda Nagano, kwa hiyo aliyefunga mabao 11 Ottawa hakuwahi kucheza Olimpiki ambayo mabao yake yalisaidia kuizaa. Mwaka 2010 yeye na Cammi Granato walikuwa wanawake wa kwanza kuingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa Hoki wa Toronto. Ligi ya kulipwa ya maana ilichelewa zaidi. Ligi ya Kanada iliyoanza 2007 ilicheza miaka mingi bila mishahara na ikafungwa mwaka 2019. Ile inayoendelea sasa, ya timu za Kanada na Marekani, ilianza tarehe 1 Januari 2024, na siku iliyofuata timu ya Ottawa ilicheza mechi yake ya kwanza katika ukumbi uleule wa Civic Centre, ambao siku hizi una jina la mdhamini. Walikuja watazamaji 8,318, na magazeti yakaandika kuwa ni rekodi ya mechi ya kulipwa ya wanawake. Ilikuwa pungufu ya watu 466 ukilinganisha na waliokaa ndani ya kuta hizohizo tarehe 25 Machi 1990. Mwezi Aprili mwaka huohuo wa 2024, mjini Montreal, mechi moja ya ligi hiyo ilijaza watu 21,105.